Tangawizi yako inalipuka? Ipoze hivi, hata kama huna friji

Saa nane usiku, mwezi wa Februari, niliamshwa na mlio wa paa! kutoka chini ya kitanda changu. Kabla sijajua niko wapi, wa pili ukafuata. Jirani akazima taa. Mtaani kwetu watu wanajua la kufanya wakisikia mlio kama huo: unalala chini, unanyamaza, unangoja. Nami nikajitupa sakafuni, na hapo ndipo nikahisi fulana imelowa. Nikagusa, nikanusa. Tangawizi.

Zilikuwa chupa zangu mwenyewe. Chupa 20 za kioo nilizokuwa nimejaza tangawizi ya kuchacha na kuzipanga chini ya kitanda kama mtu anayeficha mali ya wizi. Kufikia asubuhi saba zilikuwa zimepasuka. Kipande kimoja cha kioo kilikuwa kimechoma godoro upande ule ninaolaza kichwa. Nilikitazama kwa muda mrefu, sitakudanganya.

Keateka alikuja na daftari lake la kodi, akaangalia vigae, akaniangalia. "Kijana," akasema, "hiyo maabara yako ama iondoke yenyewe, ama muondoke nayo."

Shida ni kwamba sikuwa nacheza. Shangazi yangu alikuwa amenipa oda ya chupa 40 za ruracio ya binti yake, na alikuwa ameshanitumia Sh4,000 za kununua vifaa. Zile 20 zilikuwa za majaribio. Zilibaki wiki tatu, pesa za shangazi nilikuwa nimezitumia, na nilikuwa na swali moja: mbona mapishi yaleyale yalitoka fiti Julai, halafu yakataka kuniua Februari?

Jibu ni joto. Na kama wewe pia unatengeneza kinywaji cha kuchacha nyumbani, iwe tangawizi, iwe ya nanasi, hii ni barua yako. Nitakuonyesha vifaa vya kupoza nilivyojijengea kwa karai, fulana kuukuu, makaa na friji iliyokuwa inaelekea kwa watu wa vyuma. Vingine vilinisaidia. Kimoja kinaning'inia ukutani kama pambo, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza ielewe hamira

Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari, inatoa vitu viwili: gesi ya kaboni na kileo. Gesi ndiyo ile inayokupa povu na mchomo puani. Sasa, kasi ya hamira inategemea joto. Kwa makadirio ya kawaida, joto likipanda nyuzi 10, kazi yake inaenda karibu mara mbili. Kile kilichochukua siku nne kwenye baridi ya Julai kinachukua siku mbili tu kwenye jua la Februari. Mimi nilikuwa nahesabu siku, hamira inahesabu nyuzi joto.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Hamira ikishika kazi, yenyewe inatoa joto. Chumba changu kiko ghorofa ya juu kabisa, chini ya slabu inayochomwa na jua kutwa. Niliponunua kipimajoto, nilikuta chumba kiko nyuzi 27 jioni, lakini ndani ya ndoo ni 30. Ndoo ilikuwa na homa!

Tufanye hesabu kidogo, usikimbie. Kiwango cha gesi kwenye kinywaji hupimwa kwa ujazo: ujazo mmoja maana yake lita moja ya gesi imeyeyuka ndani ya lita moja ya kinywaji. Soda ya dukani ina kama ujazo wa 3 hadi 4. Ili hamira itengeneze ujazo mmoja, inahitaji takriban gramu 4 za sukari kwa kila lita. Kwa hivyo gramu 16 zinatosha kabisa kupata mchomo wa soda.

Mimi nilikuwa nimetia gramu 100 kwa lita, kwa sababu watu wetu wanapenda sukari. Hamira ikiachwa imalize yote, hiyo ni gesi ya ujazo wa 25. Hakuna chupa ya kioo ya kuokota inayoweza kubeba hiyo. Sukari yote iliyobaki kwenye chupa ni baruti, na breki pekee uliyo nayo ni baridi. Ndiyo maana nasema kifaa cha kupoza si anasa ya mpishi. Ni kifuniko cha usalama wako.

Kupoza kinywaji kilichotoka motoni

Kazi ya kwanza ya kupoza huja mara tu unapoepua sufuria. Ukitia hamira kwenye maji ya nyuzi 60, umeiua. Ukiacha sufuria ya lita 20 ipoe yenyewe, itakaa usiku kucha ikiwa vuguvugu, na vuguvugu ni sherehe ya bakteria. Lazima ipoe haraka.

Wapikaji wa bia ya nyumbani huko Marekani, ambako sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 iliwaruhusu kupika ya matumizi yao, hutumia koili ya shaba. Unachukua paipu nyembamba ya shaba, ile mafundi wa friji wanatumia, unaizungusha kwenye sufuria hadi ikae kama springi, unaitumbukiza ndani ya kinywaji cha moto, na unapitisha maji baridi ndani ya paipu. Maji yanaingia baridi, yanatoka moto, yanabeba joto. Nikasema hii ni yangu. Nikaenda Kamukunji, fundi akanikunjia mita 7 kwa ustadi hadi wapita njia wakasimama kutazama.

Nikaifikisha nyumbani, nikakumbuka kitu: mfereji wetu hutoa maji siku mbili kwa wiki.

Hebu piga hesabu nami. Kushusha lita 20 kutoka nyuzi 95 hadi 25, ukitumia maji ya nyuzi 20 yanayotoka yakiwa wastani wa 40, unahitaji karibu lita 70 za maji. Hiyo ni mitungi mitatu na nusu ya kununua, ili upoze ndoo moja ya tangawizi. Kama kwenu maji hayakatiki, jenga koili, ni kifaa kizuri sana. Maji yanayotoka ya moto fulia nguo, na limau utie baada ya kutoa koili, maana asidi hula shaba. Kama kwenu ni kama kwetu, fanya ninavyofanya sasa.

Usichemshe lita 20. Chemsha lita 5 tu, pamoja na tangawizi yote na sukari yote. Jana yake utakuwa umechemsha lita 15 za maji matupu, ukafunika vizuri, yakalala hadi yakafika nyuzi 20 hivi. Ile sufuria ya lita 5 iweke ndani ya karai la maji, koroga, badilisha maji ya karai mara mbili au tatu hadi sufuria ishuke kufikia 45. Halafu changanya na zile 15. Utapata lita 20 zenye joto la nyuzi 26, na hujamaliza hata mtungi mmoja wa kupozea. Hapo unatia hamira bila wasiwasi.

Koili yangu ya shaba bado iko ukutani. Wageni huuliza kama ni sanaa. Nawaambia ndiyo.

Karai, fulana na feni

Sasa kinywaji kiko kwenye ndoo, hamira imeanza kazi, na unataka kikae karibu na nyuzi 20 kwa siku mbili. Friji huna. Tulia.

Chukua karai kubwa, tia maji ya kina cha kama upana wa kiganja. Simamisha ndoo yako katikati. Ivalishe ndoo fulana kuukuu ya pamba, ile ya kampeni za uchaguzi inafaa sana, pindo lake lizame kwenye maji ya karai. Kitambaa kitafyonza maji kwenda juu kama utambi wa koroboi. Weka mahali penye upepo, au washa feni ndogo iipulizie. Basi. Hiyo ndiyo friji.

Inafanyaje kazi? Maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto, na hulichukua kutoka kwa kile yalichokishika. Ndiyo maana ukitoka kuoga ukasimama mlangoni unasikia baridi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hii fizikia ya sekondari haijawahi kuniacha. Lita moja ya maji ikikauka kwenye ile fulana inaondoka na joto sawa na la kuyeyusha karibu kilo 7 za barafu. Sasa linganisha bei ya lita moja ya maji na bei ya kilo 7 za barafu.

Kwangu, chumba kikiwa 27, ndoo iliyovaa fulana ilishuka hadi 22. Siku za joto kali naongeza chupa moja ya barafu ndani ya karai: chupa ya plastiki ya lita moja iliyogandishwa kwenye friza ya muuza samaki wa pale chini. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inaweza kushusha lita 20 kwa nyuzi 4 hivi, ukiondoa kinachopotelea hewani. Nabadilisha asubuhi na jioni. Ukiweza kununua kipimajoto kimoja tu maishani, nunua, bandika kando ya ndoo chini ya fulana. Kubahatisha ndiko kulikonilaza sakafuni.

Tahadhari: feni na karai la maji si marafiki. Weka feni mbali na juu kuliko maji, na waya wake uning'inie chini kidogo kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye stima.

Friji ya makaa

Ndoo moja ni sawa. Lakini chupa 40 je? Hapo nikahitaji kabati.

Wakulima wengi nchini wanaijua friji ya makaa. Wanahifadhia mboga na matunda kabla ya soko. Yangu ni ndogo, ya kukaa kwenye roshani. Fremu ya mbao za masalio, waya wa kuku ndani, waya wa kuku nje, na katikati nafasi ya sentimita 10 iliyojazwa vipande vya makaa. Makaa yana matundu mengi madogo, yanashika maji na kuyaachia hewani polepole. Juu nimeweka chupa ya plastiki iliyotobolewa vitundu, inadondosha maji siku nzima. Mlango una ukuta wa makaa pia. Mfuniko wa juu ni ubao, kisha gunia lenye maji.

Kuna mambo matatu niliyokosea ili wewe usikosee. Kwanza niliiweka kwenye jua. Usifanye hivyo, iweke kivulini penye upepo. Pili nilisiaga makaa yakawa vumbi, hewa ikakosa njia. Tumia vipande vya ukubwa wa yai. Tatu nilisahau kuyalowesha wikendi moja, na makaa makavu hayapozi chochote. Gharama yangu yote ilikuwa Sh1,700, na sehemu kubwa ilienda kwa waya.

Kama huna nafasi ya kabati, kuna vyungu viwili. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa chenye maji juu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alisambaza vyungu vya aina hiyo kwa wakulima wa kaskazini mwa nchi yake na akapewa Tuzo ya Rolex mwaka 2000. Wala si mambo ya kushangaza kwetu. Nyumba za Pwani zilinywa maji baridi ya mtungi miaka mingi kabla ya friji kufika.

Wewe wa Mombasa, ngoja kidogo

Najua tayari umechukua karai. Subiri.

Hii mbinu yote inategemea maji kukauka, na maji hayakauki vizuri kwenye hewa iliyojaa unyevu. Nairobi ikiwa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50, fulana yenye maji inaweza kushuka kuelekea 18. Mombasa ikiwa 32 na unyevu wa asilimia 75, kikomo ni kama 28. Utapiga feni hadi tokeni ziishe, 28 haitavukwa. Si bahati mbaya kwamba mnazi uliogemwa asubuhi huko huwa mkali jioni ya siku hiyohiyo.

Unaweza kupima kikomo chako mwenyewe. Funga ncha ya kipimajoto kwa kitambaa chenye maji, ipepee kwa dakika tano, soma. Namba hiyo ndiyo chini kabisa unakoweza kufika kwa fulana au makaa. Kama ni 18, jenga. Kama ni 28, usipoteze pesa ya waya wa kuku: nenda kwa barafu, au nenda kwa friji ya mtumba.

Friji iliyokufa nusu

Baridi ya mvuke inatosha wakati wa kuchachisha. Lakini ile breki niliyokwambia, ya kuzuia chupa zisilipuke, inahitaji nyuzi 4 hivi, na huko fulana haifiki hata kwa maombi.

Wajerumani walisumbuliwa na jambo hilihili. Huko Bavaria, mwaka 1553 ilipigwa marufuku kupika bia kuanzia Aprili 23 hadi Septemba 29, kwa sababu bia ya majira ya joto iliharibika. Kilichokuja kuwafungua ni mashine. Miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde alianza kuunda mitambo ya kupoza, na mmoja wa wateja wake wa kwanza alikuwa kiwanda cha bia cha Spaten mjini Munich. Kwa hivyo ukiona friji jikoni kwa mtu, jua bia iliichangia.

Mimi nilimwendea jamaa wa kurepea friji mtaani. Alikuwa na friji ya soda, ile yenye mlango wa kioo, imekaa nje ikinyeshewa. "Kompresa iko hai," akaniambia, "ni thamostati imekufa. Spea haipatikani." Nikajikaza nisitabasamu. Kwa mtu wa kuchachisha, hiyo ndiyo friji bora kabisa, maana thamostati yake ya kiwandani hatuitaki hata ikiwa nzima.

Luthuli kuna kidude kinachoitwa STC-1000. Ni kisanduku kidogo chenye namba nyekundu na waya mrefu wenye kihisio mwishoni. Unaweka joto unalotaka. Kihisio kikipima zaidi ya hapo, kinaiwasha friji, kikifika, kinaizima. Chagua 20 uwe na kabati la kuchachishia, chagua 4 uwe na ghala la chupa zilizo tayari. Kina mpangilio wa kuchelewesha kompresa: uweke angalau dakika 3, kwa sababu kompresa inayozimwa na kuwashwa papo hapo haimalizi mwezi. Kihisio usikiache kikining'inia hewani. Kibandike kwenye chupa na ukifunike kwa kipande cha sponji, ili kipime kinywaji. Hewa hubadilika kila unapofungua mlango.

Kuunganisha waya nilimwachia fundi wa stima. Hiyo ni volti 240. Video ya dakika nne haikufanyi fundi.

Friji ilikuwa Sh5,500, na sikuwa nazo. Mama anayeuza maziwa pale chini ndiye aliyeniokoa. Maziwa yake yalikuwa yanaganda kila alasiri, akiyamwaga. Tukachanga nusu kwa nusu, friji ikakaa kibandani kwake, rafu mbili zake, rafu mbili zangu, tokeni tunagawana. Inakaa 4 mchana na usiku. Ninachachisha juu kwenye makaa, na kilicho tayari nakishusha kwake.

Chupa, na ukweli ambao ilibidi nimwambie shangazi

Situmii kioo tena. Natumia chupa safi za soda za plastiki. Unajaza, unaacha nafasi ya vidole viwili juu, unafunga, unaziacha kwenye nyuzi 20, na unazibonyeza asubuhi na jioni. Siku ya kwanza chupa ni laini. Ikiwa ngumu kama ya dukani, imetosha: yote iende kwenye baridi saa hiyohiyo, usingoje kesho. Baridi haiui hamira, inailaza tu. Ukiitoa chupa na kuiacha mezani siku nzima, hamira inaamka na kuendelea ilipoachia. Na usitumie ndoo iliyobeba rangi ya nyumba, hata uisugue vipi.

Nilipokuwa nafanya hesabu za gesi, nikakutana na hesabu ya pili iliyoniharibia usingizi. Kila gramu 17 za sukari hamira inazokula kwa lita, zinakupa kileo cha karibu asilimia moja. Maana yake tangawizi yangu yenye mchomo mzuri wa soda, hata nikiizuia mapema, ina kileo kidogo. Ikichelewa, ina kikubwa. Na shangazi yangu ni mtu wa kanisa, wa mstari wa mbele. Wageni wake nusu ni akina mama wa kwaya, na watoto.

Ningeweza kunyamaza. Watu wengi wananyamaza, wanaiita juisi. Nikampigia.

"Shangazi, shikamoo. Kuna kitu kuhusu ile tangawizi."

Nikamweleza yote, pamoja na vioo na godoro. Kukawa kimya. Nikajua Sh4,000 zinarudi, na mimi sina.

"Kwa hivyo ile uliniletea Krismasi ilikuwa nayo?" akauliza.

"Ilikuwa nayo, shangazi."

Kimya tena. Kisha akasema, "Ndiyo maana mjomba wako aliimba." Halafu akaniambia nimletee ya aina mbili, na kila chupa iandikwe.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Chupa 20 za kuchacha, kwa watu wazima wanaojua wanachokunywa. Chupa 20 za tangawizi iliyochemshwa na sukari, ikapozwa kwenye karai, ikachanganywa na soda nyeupe siku hiyohiyo. Hakuna hamira, hakuna kileo. Nawe fanya vivyo hivyo. Mwambie Mwislamu, mwambie mama mjamzito, mwambie mzazi. Kinywaji unachokificha si chako, ni mtego.

Kabla hujaanza kuuza

Hapa nimezungumzia tangawizi, sijazungumzia bia. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile wengi wanaiita ya Mututho, inataka leseni kwa yeyote anayetengeneza au kuuza kileo. Na kinywaji cha chupa cha kuuza dukani kinahitaji alama ya KEBS, hata kiwe kitamu vipi. Ukitaka iwe biashara, anza na ile isiyochacha, na uulize afisi ya kaunti kuhusu vibali kabla ya kuchapisha lebo. Mimi hapo ndipo nilipo sasa. Foleni ni ndefu, lakini inasonga.

Na usithubutu kuongeza kitu chochote ili "ikolee". Watu zaidi ya 100 waliokufa Nairobi mwaka 2000 hawakuuawa na hamira. Waliuawa na methanoli iliyoingia kwenye pombe yao. Kama kinywaji chako hakina nguvu, kiache hivyo.

Ruracio ilifika. Chupa 40 zilisafiri kwenye boksi la samaki lililojaa barafu, juu ya mapaja yangu, matatu nzima ikinuka tangawizi na tilapia. Hakuna iliyopasuka. Tatu zilikuwa hazina gesi kabisa, nadhani vifuniko havikufunga vizuri. Hizo nilikunywa mwenyewe nyuma ya hema. Shangazi hakudai Sh4,000 zake. Alidai chupa nyingine 40, za Agosti, zote zisizochacha.

Keateka? Alikuja wiki iliyopita kuangalia ile friji ya makaa kwenye roshani. Nikadhani ni notisi. Akainama, akafungua mlango, akaingiza mkono ndani, akautoa. "Hii," akasema, "inaweza kushika mboga?"

Siku hizi rafu ya chini ina sukumawiki yake. Mimi nina kazi ya kujaza maji asubuhi, yeye anajaza jioni.